Trekta la bustani halifi kwa uzee

Kila anayetaka kununua trekta dogo la kukatia majani hapa Kigoma huanza na swali la mwaka: hii ni ya lini? Akiambiwa 2019 uso unang'aa. Akiambiwa 1998 anasogea pembeni na kuanza kupiga simu. Mimi ni fundi wa injini ndogo. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni injini za boti na majenereta, na hizi mashine za kukalia huletwa kwangu zikiwa zimepakiwa kwenye kirikuu, mara nyingi msimu wa mvua ukiwa umeshaanza na mwenye mali ameshachanganyikiwa. Nionavyo mimi, mwaka ndicho kitu cha mwisho kuuliza.

Tupige hesabu kidogo. Kule Marekani, mengi ya matrekta haya yamebuniwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba na uwanja wake. Anakata mara moja kwa wiki, tena miezi ya joto tu, na mwaka mzima anafikisha saa 40 au 50 za injini. Ndiyo maana husemwa kwamba trekta la kawaida linadumu miaka 10 hadi 15. Ukizidisha unapata kama saa 400 hadi 750, basi. Sasa chukua mashine hiyohiyo uipeleke kwenye uwanja wa shule, hospitali ya misheni au hoteli ya kando ya ziwa. Mvua zetu zinaanza kwenye Oktoba na kuendelea hadi Mei, na ukoka hausubiri mtu. Dereva akikata saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 30 tayari ni saa 300. Msimu mmoja wa Kigoma unakula miaka sita ya Mmarekani. Kwa hiyo anayekuambia "fundi, hii ni ya juzi tu, ina miaka miwili" huenda hadanganyi hata kidogo, ila injini yake imeshafika pale ambapo ya mwenzake wa Ohio ingefika mtoto akimaliza shule ya msingi na sekondari.

Mashine nyingi zina kimita kinachohesabu saa za injini. Kama hakifanyi kazi (na ajabu ni kwamba kwenye mashine zinazouzwa huwa hakifanyi kazi), angalia raba ya pedali ilivyolika, usukani unavyocheza, na bati la bakuli la visu, yaani lile linalofunika visu chini ya mashine, kwa chini. Bati haliwezi kufundishwa uongo.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Matrekta haya si ya aina moja. Kuna trekta la majani na kuna trekta la bustani, na kwa mbali yanafanana kabisa: kiti, usukani, boneti. La majani lina fremu ya bati lililokunjwa na giaboksi nyepesi ya haidroliki, mara nyingi imefungwa kiwandani bila hata bolti ya kumwagia oili. La bustani lina fremu nene, ekseli nzito, giaboksi inayofunguka, na unaweza kulifungia jembe likalima. International Harvester walipoanza kuuza Cub Cadet mwaka 1961, na John Deere walipotoa modeli yao ya 110 mwaka 1963, yalikuwa ya aina hiyo ya pili: injini ya nguvu za farasi saba tu, lakini chuma kitupu. Hadi leo wapo watu wanaoyakatia majani. Mtu akiniletea la namna hiyo na jingine jipya la bati, bei moja, nachukua la zamani bila kufikiri mara mbili.

Kwa Kigoma tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu mji wetu ni wa vilima. Vitabu vya mashine nyingi hizi vinakataza kukata kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15, na watu hudhani ni kwa ajili ya kuogopa kupinduka peke yake. Kupinduka ndiyo hatari kubwa, kweli. Lakini injini nyingi za silinda moja hazina pampu ya oili ya maana. Kuna kijiko kinachorusha oili kutoka chini. Ukiinamisha mashine muda mrefu, oili inakwenda upande mmoja na kijiko kinachota hewa. Giaboksi nyepesi nayo ikipandishwa kilima mchana kutwa oili yake inapata moto, inakuwa nyepesi kama maji, na mashine inaanza kugoma kupanda. Asubuhi inapanda, saa saba mchana haipandi. Wengi hudhani ni injini imechoka, wanafungua kabureta bure.

Vumbi jekundu nitalipitia haraka kwa sababu kila mtu analijua na kila mtu analipuuza. Chujio la hewa la karatasi halioshwi kwa petroli wala kupulizwa kwa kompresa ya nguvu. Likitoboka hata tundu dogo, vumbi linaingia kwenye silinda, linachanganyika na oili, na ringi zinasagwa. Moshi wa bluu utauona baadaye. Kuendesha bila chujio kabisa "kwa wiki hii tu" ni kuua injini kwa hiari.

Lakini kama ukinilazimisha nitaje muuaji namba moja wa mashine hizi hapa kwetu, sitataja vumbi wala vilima. Nitataja kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba majani yamekauka, trekta linaegeshwa nyuma ya stoo, na hakuna anayelikumbuka. Petroli iliyobaki kwenye kabureta inakauka na kuacha utando kama gundi, vijitundu vya jeti vinaziba. Betri inajimaliza yenyewe na sahani zake zinaharibika. Majani mabichi ya Mei yaliyogandia chini ya bakuli la visu yanakaa na unyevu wake na kutafuna bati. Panya wanajenga kiota chini ya kava la feni, pale pale injini inapovuta hewa ya kujipooza, na wakimaliza wanatafuna nyaya. Nyigu nao hujaza udongo kwenye bomba la moshi. Oktoba mvua ya kwanza inanyesha, dereva anazungusha ufunguo, kimya. Wanaivuta kwa kamba, wanaichokonoa, wanamwaga petroli kwenye kabureta, wanamaliza kwa kunipigia.

Watu wa mji huu tunapaswa kuwa tunajua zaidi. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen Ziwa Tanganyika Julai 1916, mafundi wao waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza. Waingereza waliipandisha mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na mitambo ileile ya mvuke ikaendelea hadi miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli. Miaka minane chini ya maji! Na sisi mashine inatushinda miezi minne chini ya mwembe.

Kazi yenyewe ya kulaza trekta kwa ajili ya kiangazi haimalizi hata nusu siku. Funga koki ya petroli, acha injini iendelee hadi izime yenyewe ili kabureta ibaki kavu, kisha mwaga petroli iliyobaki kwenye tangi uipe pikipiki ikaitumie. Badilisha oili kabla ya kuegesha, si baada, maana oili chafu ina asidi na inakaa ikila chuma muda wote huo. Ni lita moja na nusu hivi, mbili kwa injini ya silinda mbili, hakuna sababu ya kuionea uchungu. Fungua plagi, tia kijiko cha oili safi ndani ya silinda, zungusha injini kidogo kwa mkono, rudisha plagi. Kwangua majani chini ya bakuli hadi chuma kionekane na upake oili. Chomoa betri, ipeleke ndani, ichajiwe kila mwezi. Ziba bomba la moshi kwa kitambaa na uning'inize kitambaa kingine chekundu kwenye usukani kukumbusha, maana nimewahi kuona mtu akilia na injini isiyowaka siku nzima kumbe bomba limezibwa.

Jingine ni dereva. Hapa najua nitawaudhi wakuu wa taasisi. Mashine yenye dereva mmoja, hata awe hajasoma, inaishi. Mashine ambayo leo anaendesha mlinzi, kesho kijana wa bustani, keshokutwa mpwa wa bwana stoo aliyekuja likizo, haiishi, na hakuna chapa ya kuiokoa. Yule mmoja atajua mlio wake. Atasikia beringi ya kisu ikianza kulia kabla haijavunjika. Atajua jiwe liko wapi karibu na mchikichi, na kichuguu kiko wapi, na ataliondoa jiwe badala ya kulipitia kila wiki. Wengine hupunguza mafuta wakidhani wanabana petroli, hawajui kwamba injini hizi zinapozwa na feni zake zenyewe. Ukipunguza mwendo wa injini huku visu vinakata, feni inazubaa, joto linapanda, gasketi ya hedi, yaani ya kile kifuniko cha juu cha silinda, inakwenda. Kitabu kinasema kata kwa mafuta kamili, punguza mwendo wa matairi. Sista mmoja aliniuliza, "Fundi, sasa hiyo si itakunywa petroli?" Itakunywa, Sista, lakini petroli ni rahisi kuliko hedi.

Spea ndiyo inayoamua mwisho. Beringi za visu mara nyingi ni namba za kawaida, 6203 au 6204, unazipata kwenye maduka ya beringi bila kutaja neno trekta. Plagi, betri, nyaya, hata chujio la oili vinatafutika. Mkanda ni shida kidogo. Ule wa mashine ya kusaga unaingia, lakini haukutengenezwa kwa kulegezwa na kukazwa mara hamsini kwa siku, kwa hiyo unaungua mapema. Kinachokatisha tamaa kabisa ni giaboksi iliyofungwa kiwandani na vifaa vya umeme vya modeli mpya. Hapo unaagiza, unasubiri, na unapopiga hesabu ya usafiri unaona bora ungenunua mbuzi wale hayo majani.

Na si utani sana. Mwenye kiwanja cha nusu ekari pale Mwanga au Katubuka, hapa hapa mjini, hahitaji trekta. Vijana wawili wenye mafyekeo au mashine ya kusukuma watamaliza kabla jua halijawa kali, na fedha yake itabaki kwa watu wa mtaa wake.

Anayehitaji kweli, akienda kununua iliyotumika, aende asubuhi na asimpigie muuzaji kwamba yuko njiani. Akifika aweke kiganja kwenye injini kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, imeshawashwa kwa mbinde na imepashwa ili imwakie mgeni vizuri. Akae kivulini, aombe maji ya kunywa, asubiri ipoe, ndipo aombe ufunguo auzungushe mwenyewe.