Kipimo kimoja hakitoshi kila mara
Mwandishi wa makala kuhusu mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida ameeleza vyema kwamba moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, lakini amepita haraka mno kwenye utambuzi wa tatizo hilo, na hapo ndipo wagonjwa wengi hucheleweshwa. Kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo, ECG, hurekodi takribani sekunde 10 tu. Mapigo yanayovurugika mara moja kwa wiki yanaweza yasionekane kabisa, na mgonjwa akaambiwa, kwa uonevu mkubwa, kwamba ana wasiwasi tu. Ndiyo maana kuna kifaa cha Holter, kinachorekodi umeme wa moyo mfululizo, ambacho huvaliwa kwa saa 24 au zaidi.

Mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, yaani vyumba hivyo kutetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio, nao ulistahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu damu inayotuama humo huweza kuganda, na bonge lake likifika kwenye ubongo husababisha kiharusi. Kwa hiyo wagonjwa wengi huhitaji dawa za kuzuia damu kuganda hata wasipohisi dalili yoyote. Anayezimia ghafla akiwa mazoezini, hasa ikiwa ndugu yake alifariki ghafla akiwa kijana, asisubiri dalili zirudi ndipo apimwe.