Kutu Haina Kosa, Wenye Makosa ni Wasaidizi

Jamani, kutu tunaionea bure. Kutu inakaa juu ya chuma, unaiona, unaitoa. Wanaoua mashine za kukereza vyuma hapa Moshi ni watu wenye moyo wa kusaidia.

Chukua Myford ML7, ile ndogo ya Kiingereza iliyoanza kutengenezwa 1946. Kila aliyeimiliki ameiachia hisani yake. Kuna aliyeipaka rangi ya kijani hadi kwenye vitundu vya oili, sasa unavitafuta kwa sindano kama mwenye kutoa mwiba. Akaja aliyeona matone ni usumbufu, akashindilia grisi. Mangi, spindo ya ML7 ya asili, ule mhimili unaozungusha kazi, haina beringi za gololi! Inazunguka ndani ya madini meupe laini, inataka oili ya haidroliki namba 32, tone kwa tone. Grisi haifiki ndani, joto linapanda, madini yanalika. Mwingine kamwaga oili chafu ya gari, eti mafuta ni mafuta. Ile imejaa masizi na unga wa chuma; inasaga badala ya kulainisha.

Halafu mwenye grenda. Huyu angepaswa kunyang'anywa hata swichi ya taa. Reli za kitanda cha mashine, zile kisu cha kukatia kinapotelezea, zimenyooshwa kiwandani kwa vipimo vya sehemu ya mia ya milimita, yeye kapitisha diski ya msasa dakika mbili, anakenua meno: "Si unaona inavyong'aa?" Inang'aa, ndiyo, ina mabonde. Kisu kinapanda na kushuka, bushi inatoka nene huku, nyembamba kule. Kutu ya reli ni mafuta ya taa na stili waya laini, kwa mkono, polepole. Hakuna njia ya mkato, na ndiyo maana hakuna anayeitaka.

Vipande vidogo vilivyoliwa sana, kama gia na nati, tumbukiza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi, yale yale ya kulainishia makande, yaliyochujwa: kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Umeme ndio utakaong'oa kutu, kwa hiyo tafuta chaja ya betri ya volti 12, ile nzito ya kizamani, maana hizi mpya zenye akili zikikosa betri zinagoma. Hasi ifunge kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye nondo, na viwili hivyo visigusane. Na watu wanageuza! Wanarudi asubuhi, nondo safi, gia imetafunwa. Upande wa chanya usiweke kijiko cha stenlesi, kinatoa kromi yenye sumu. Chumvi usitie, inatoa klorini. Aluminiamu usithubutu. Ndoo ikae nje, yale mapovu yana haidrojeni, na kuna jirani lazima aje kuchungulia na sigara mdomoni. Kipande kikitoka suuza, kausha, paka oili papo hapo. Ukienda kunywa chai kwanza, kutu imesharudi.

Taya za chaki, kile kishikio kinachobana kazi kwenye spindo, zina namba 1, 2, 3, na zinaingia kwa mpangilio huo. Ukizichanganya kazi inayumba, lawama anabeba mota.

Na mota yenyewe ni ya fezi tatu, nyumba ina fezi moja. Atatokea fundi wa kapasita: itazunguka, lakini theluthi hivi ya nguvu imekwenda. Soma kibati cha maelezo kwenye mota. Kikisema volti 230/400, unganisha nyaya za mota kwa mtindo wa delta, yaani pembetatu, weka inveta ya kuingiza fezi moja na kutoa tatu, umemaliza. Shida ni kwamba kibati nacho kimepakwa kijani.

Ukishavuka yote hayo, mteja wa kwanza anataka bolti ya milimita. Skrubu ndefu ya mashine ina thredi 8 kwa inchi, kwa hiyo kupata milimita kamili unahitaji gia ya meno 127, kwa kuwa inchi 5 ni milimita 127 juu ya alama. Muulize aliyekuuzia mashine gia hiyo iko wapi. "Ile kubwa? Ilikuwa inatuzibia mlango bosi, tukaiuza kwa kilo."