Je, simu ndiyo inayotuahirishia kazi?

Siku hizi ushauri mmoja unasikika misikitini na makanisani, kwenye semina za vijana na kwenye mazungumzo ya ofisini: anayetaka kuacha kuahirisha kazi aanze kwa kupunguza matumizi ya simu janja. Aondoe programu za mitandao ya kijamii, azime arifa, aiache simu chumba kingine, au arudi kabisa kwenye kitochi. Wanaoukubali ushauri huu wana hoja nzito, na wanaoutilia shaka nao hawajakosa hoja. Kwa maoni yangu ushauri huu una ukweli, ila umeandaliwa kwa ajili ya mtu ambaye simu kwake ni burudani, wakati mkazi wa Dar es Salaam anaitegemea simu hiyohiyo kwa fedha, kwa ajira na kwa mambo ya ukoo.

Wanaounga mkono wana mahali pazuri pa kuanzia. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada alichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu tabia ya kuahirisha, na mambo yaliyojitokeza kuhusiana nayo kwa nguvu zaidi yalikuwa kuchukiza kwa kazi yenyewe, malipo yake kuwa mbali, mtu kutojiamini kwamba ataiweza, na wepesi wa kufuata msukumo wa papo hapo. Katika hayo manne, simu inayashika mawili barabara. Ripoti itakulipa mwisho wa mwezi, kama italipa. Video ya sekunde 15 inalipa sasa hivi, tena bila jasho. Isitoshe, malipo ya simu hayatabiriki: unaifungua mara tatu hukuti kitu, mara ya nne unakuta kichekesho au ujumbe wa mtu uliyekuwa ukimsubiri, na mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alikwisha kuonyesha katika karne iliyopita, kwa kutumia njiwa na panya, kwamba tabia inayotuzwa bila ratiba inayotabirika ni ngumu sana kuikomesha. Juu ya hayo kuna ukurasa usio na mwisho, unaoendelea kuleta mambo mapya kila unapoushusha, uliobuniwa na Aza Raskin, mbunifu wa programu, mwaka 2006, ambao ulimwondolea mtumiaji hata ule mwisho wa ukurasa uliokuwa ukimpa nafasi ya kujiuliza kama aendelee au aache. Raskin mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba anajutia matokeo yake.

Hoja nyingine inayotajwa sana ni ya mwaka 2017, pale watafiti nchini Marekani waliposema kwamba simu kuwapo tu mezani, hata ikiwa kimya, inapunguza uwezo wa akili wa kushughulikia kazi iliyo mbele. Nisingeiegemea sana, kwa kuwa majaribio yaliyofuata hayakuleta jibu moja.

Jaribio ninaloliona la maana zaidi ni lile lililofanywa na wachumi Hunt Allcott, Matthew Gentzkow na wenzao nchini Marekani mwaka 2018, ambapo watu walilipwa ili wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne. Kila mmoja alipata wastani wa saa moja hivi kwa siku, hali yao ya moyo ikawa afadhali kidogo, na hata baada ya jaribio wengi waliendelea kutumia mtandao huo kwa kiasi pungufu. Wanaopigia debe kupunguza simu huishia hapo. Lakini watafiti waliripoti pia saa hiyo ilikwenda wapi: baadhi yake ilikwenda kwenye kutazama televisheni peke yao, na baadhi kwenye kukaa na familia na marafiki. Kukaa na familia ni jambo jema, wala sitaki kulibeza, ila mwenye ripoti iliyolala tangu juzi ataona kwamba muda uliookolewa kwenye simu hauendi wenyewe kwenye kazi. Lazima kuwe na kinachoupeleka huko.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapopata nguvu. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba anayeahirisha anakimbia hisia mbaya anazopewa na kazi, yaani hofu, uchovu wa akili au aibu ya kutojua aanzie wapi, na anachopata ni nafuu ya muda mfupi. Ikiwa ni hivyo, simu ni mlango wa kutokea ulio karibu zaidi tu, na ukiufunga mtu atatafuta mwingine. Jiji hili lina ushahidi wa kutosha. Kabla hata simu za mkononi hazijaenea, fundi cherehani wa Dar es Salaam alikuwa amekwisha kuwa gwiji wa “njoo kesho”, na nguo ya Idi ikashonwa usiku wa kuamkia Idi. Vijiwe vya kahawa na mbao za drafti zilijaa watu waliokuwa na kazi za kufanya mahali pengine.

Hata hivyo, urahisi wa mlango nao ni jambo. Kwenda kijiweni kulitaka uvae viatu, uage nyumbani na uonekane na majirani ukipita. Simu haikudai lolote kati ya hayo. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba simu haina lawama kwa kuwa watu waliahirisha kazi tangu zamani. Gharama ya kukimbia imeshuka mno, na kuipandisha tena kidogo kunasaidia, ilimradi tusidhani kwamba tumeiondoa hofu iliyomkimbiza mtu.

Ugumu unakuja pale ushauri huu unapotua mjini kwetu. Mchukue mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyepanga chumba Sinza, anayeandika sura ya pili ya tasnifu. Anaambiwa aiweke simu chumba kingine, lakini chumba kingine hana, na intaneti ya kompyuta yake inatoka kwenye simu hiyohiyo iliyo pembeni ya daftari. Akiizima, makala anazozisoma zinazimika nayo. Akiiacha, kundi la WhatsApp la kamati ya harusi ya binamu yake linaendelea: kila anayelipa mchango, mweka hazina anaibandika upya orodha yote, majina na kiasi, waliomaliza wakiwa na alama ya vema na walioahidi tu wakiwa wazi kabisa mbele ya ukoo mzima. Jina la mwanafunzi wetu liko kwenye hao wa pili. Akijitoa kwenye kundi, itaonekana amekimbia mchango. Akinyamazisha arifa, anaweza kukosa taarifa ya msiba, na kwa msiba hakuna udhuru wa sura ya pili unaopokelewa.

Bei ya intaneti nayo inasukuma upande wake. Tunanunua vifurushi vya siku au wiki, na bando lililobaki saa nne usiku huku linaisha saa sita linamfanya mtu aone kwamba kulala ni kupoteza fedha. Kumwambia huyu apunguze matumizi ni kumtaka aache kitu alichokwisha kulipia.

Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora karibu nchi nzima, tulipata jaribio ambalo hakuna aliyeliomba. Aliyekuwa na kazi ya kuandika tu alipata utulivu. Aliyehitaji kutuma nyaraka, kupakua fomu au kupata namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali alikwama pamoja na kazi yake, kwa sababu kishawishi na kitendea kazi vimepita kwenye waya mmoja.

Kwa hiyo ningependekeza kupunguza kwa matumizi na kwa saa, badala ya kupunguza simu kwa ujumla. Mwanafunzi wa Sinza apakue makala zake kwanza, kisha azime data na kuiacha simu ipokee kupigiwa tu, na awaambie wa nyumbani kwamba mwenye jambo la haraka apige. Wengi wetu tuna laini mbili, na kitochi cha bei ndogo chenye laini ambayo ukoo unaijua kinaweza kubeba misiba yote bila kubeba vichekesho. Kisha aipatie ile saa mahali pa kwenda: mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba azimio linalotaja lini na wapi hutekelezeka kuliko nia ya jumla, kwa mfano, “nikikaa mezani saa mbili asubuhi, nitaandika aya ya kwanza ya sura ya pili kabla ya kugusa kitu kingine.” Aya moja inapunguza ile hofu, sura nzima inaiongeza.

Mwenye ajira hana uhuru huo wote. Katika ofisi nyingi za mjini maagizo ya kazi yanatumwa kwenye kundi lilelile la WhatsApp linalobeba salamu za Ijumaa, picha za sherehe na mabishano ya Simba na Yanga, na aliyezima data jioni anaulizwa asubuhi kwa nini hakuona agizo la saa tatu usiku. Bosi anayelalamikia ripoti zinazochelewa angeanza kwa kuhamishia maagizo kwenye barua pepe na kupiga simu panapokuwa na dharura, kwa sababu mfanyakazi wa chini hana ubavu wa kujitoa kwenye kundi ambalo bosi huyohuyo ndiye msimamizi wake.