Nani aliziua injini za zamani za trekta?

Mvua za mwaka zilipoanza, trekta jipya la kukodisha lilizima katikati ya shamba la mahindi huko Kakuyuni, ndani kidogo kutoka Malindi mjini. Taa iliwaka mbele ya dereva, injini ikajipunguza nguvu yenyewe, kisha ikagoma kabisa. Fundi mwenye kompyuta ya kuisoma alifika siku ya tatu kutoka Mombasa. Alichokuta ni maji ndani ya dizeli. Siku zote hizo trekta kuukuu la jirani, la silinda tatu, linalofuka moshi kama tanuri ya chokaa, lilikuwa likilima ekari baada ya ekari, na mwenye lile jipya akilikodolea macho.

Jioni barazani maneno yakawa mawili. Fundi mzee, mtu wa spana tangu ujana wake, alishikilia kwamba injini nzuri ziliuliwa makusudi. "Walipoona hazifi, wakaziua wao, ili mje mnunue spea na mumlipe mwenye kompyuta." Dereva kijana wa lile trekta lililozima akamjibu kwa adabu, lakini hakurudi nyuma: injini za kale zilikufa kwa kuwa zilikuwa mizigo tu, zinakunywa mafuta na hazina nguvu, na dizeli ikiwa chafu kosa si la injini, mzee wangu.

Mimi nilinyamaza, maana niliona kila mmoja ana nusu ya maneno. Injini hizi hazikufa siku moja wala kwa ugonjwa mmoja. Za mwanzo ziliuliwa na shamba lenyewe. Za baadaye ziliuliwa na sheria zilizotungwa mbali na shamba, kwa sababu za kweli, ila sababu za kwao. Ukizichanganya hizo mbili, utabishana mpaka adhana ya alfajiri.

Chukua Lanz Bulldog, trekta la Kijerumani lililoanza kuuzwa 1921. Lilikuwa na silinda moja tu, imelala. Kwenye kichwa cha silinda palikuwa na kibuyu cha chuma ambacho dereva alikipasha kwa taa ya kupulizia moto mpaka kikaiva, kisha akachomoa usukani, akauchomeka ubavuni mwa injini na kuizungusha kwa mkono. Ikishawaka, ilichoma karibu mafuta yoyote uliyoimiminia. Yale ya mwanzo hayakuwa hata na gia ya kurudi nyuma: ukitaka kurudi, unaifanya injini yenyewe izunguke upande wa pili, nayo kwa kuwa ni ya mipigo miwili haikujali inakoelekea. Fundi wetu angeipenda kama mwanawe.

Lakini tazama ukubwa wake. Bulldog lenye silinda ya ujazo wa lita 10.3 lilitoa nguvu za farasi 45 hivi. Massey Ferguson 135, lililotoka 1964, lina injini ya Perkins ya silinda tatu na lita 2.5 tu, na nguvu yake inakaribia hiyo hiyo. Siri iko kwenye mwendo. Bulldog lilizunguka mara 630 kwa dakika, Perkins huzunguka zaidi ya mara 2,000. Injini ya polepole hupata mapigo machache, hivyo kila pigo lazima liwe zito, na pigo zito hutaka silinda kubwa, gurudumu kubwa la injini na chuma kingi cha kulibeba. Vyuma, beringi na mafuta ya kulainishia vilipokuwa bora, injini ikaweza kwenda mbio bila kujisaga, na lile lichuma likapoteza hoja. Mtu yeyote aliyewahi kuliona trekta limekwama kwenye tope la bonde la Sabaki hahitaji kuelezwa kwa nini uzito ni hoja.

Na pale ambapo uzito si hoja, injini ya polepole haikufa. Injini ya Lister iliyobuniwa Dursley, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1920, yenye nguvu za farasi 6 kwa mizunguko 650, bado inanakiliwa na viwanda vya Rajkot kule India. Ni mashine ya kinu na pampu. Inafungwa kwenye saruji, haiendi popote, nani ataiuliza ina kilo ngapi? Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba umri peke yake hauui injini. Inakufa kazi yake inapobadilika.

Kisa cha pili ni cha mafuta. Baada ya vita vikuu vya pili, trekta dogo la Ferguson TE20 lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Mengi yalikuwa ya petroli, mengine ya mafuta ya taa. Haya ya mafuta ya taa yaliwashwa kwa petroli, yakaachwa yapate moto, ndipo dereva akageuza koki. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi mfukoni, lakini huwaka vibaya yakibanwa sana, kwa hiyo mhandisi alilazimika kuibana hewa ndani ya silinda kidogo tu, mara nne na nusu hivi, ilhali dizeli huibana mara 16 na zaidi. Injini isiyobana haitoi kazi nyingi kwa kila lita. Tena mafuta yasiyoungua yalipenya chini ya pistoni na kuifanya oili iwe maji. Mwaka 1951 toleo la dizeli la TE20 likatoka, na muda si mrefu hesabu ya lita ikamaliza mjadala. Hapa kijana wa barazani ana haki kamili.

Kwa wapenzi wa chuma, msiba mkubwa zaidi ni ule wa John Deere. Kampuni hiyo ya Marekani iliinunua kampuni iliyotengeneza matrekta ya Waterloo Boy mwaka 1918, na kwa miaka zaidi ya 40 ikashikilia injini ya silinda mbili zilizolala. Ilikuwa nyepesi kuelewa, sehemu chache, fundi wa kijijini anaifungua chini ya mti. Mlio wake ulijulikana toka mbali. Lakini wakulima wa Amerika walikuwa wakinunua mashamba ya majirani na kutaka plau zenye majembe mengi zaidi, na ukitaka nguvu zaidi kutoka silinda mbili huna njia ila kuzinenepesha. Trekta lao kubwa la dizeli la mwisho wa miaka ya 1950 lilikuwa na lita 7.7 ndani ya silinda mbili, na lilihitaji injini ndogo ya petroli ya kuliamsha. Agosti 1960, mjini Dallas, kampuni ikaonyesha matrekta mapya ya silinda nne na sita, yaliyosanifiwa kwa siri kwa miaka saba. Lile la 4010 lilikuwa na lita 6.2 na nguvu zaidi ya farasi 80. Hakuna sheria iliyoshurutisha, hakuna njama. Ni mkulima mwenyewe aliyetaka kumaliza shamba mapema.

Hata hivyo kuna mageuzi ambayo hata wakati ule yalikuwa ya kwao zaidi kuliko yetu. Injini ya kwanza ya dizeli ya trekta la Ferguson 35, ya silinda nne, ilisifika kwa ugumu wa kuwaka asubuhi za baridi, na mwaka 1959 ikaondolewa kuipisha Perkins ya silinda tatu. Ugonjwa huo Malindi hatuujui. Asubuhi yetu ya Julai, kusi ikivuma, ingekuwa kiangazi cha watu wa Coventry. Tulifaidi dawa bila kuugua, na ilikuwa dawa nzuri, lakini inafaa kukumbuka kwamba wanaoamua injini gani ife huwa wanatazama hali ya hewa ya dirishani kwao.

Basi tukifika miaka ya 1990, shamba lilikuwa limeshapata lilichotaka: dizeli inayopulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, pampu ya chuma tupu isiyo na kompyuta, turbo ya kusukumia hewa zaidi kwa anayetaka nguvu zaidi. Kilichoisukuma injini kutoka hapo ni usafi wa hewa. Marekani ilianza kuzibana injini za mashambani na za ujenzi mwaka 1996, na kwa injini kubwa kiwango cha gesi za naitrojeni kilichoruhusiwa wakati huo kilikuwa gramu 9.2 kwa kila kilowati-saa. Hatua ya mwisho, iliyokamilika katikati ya miaka ya 2010, ni gramu 0.4. Ulaya ikaongeza masharti yake mapya mwaka 2019. Pampu ya chuma haiwezi kufika huko. Nozeli ya zamani, kile kidude kinachopuliza dizeli ndani ya silinda, hufunguka kwa shinikizo la baa 200 hivi na kupuliza mara moja. Mfumo wa sasa huhifadhi dizeli kwenye bomba moja la pamoja kwa baa 1,600 hadi 2,000, na kompyuta hupuliza matone madogo mara kadhaa ndani ya pigo moja. Nyuma yake huja chujio la masizi linaloyachoma lenyewe likijaa, na mara nyingi tangi la maji ya urea ya kuua gesi hizo za naitrojeni.

Fundi mzee akisikia haya husema ni ushetani. Mimi simfuati hadi huko. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu, na anayeuvuta wa kwanza ni dereva aliyekaa nyuma ya bomba toka alfajiri hadi magharibi. Lile trekta kuukuu tulilolishangilia Kakuyuni lina mtu juu yake. Tena injini mpya ikiwa nzima inanyonya dizeli kwa hesabu, wala haimwagi lita angani kwa sura ya moshi mweusi.

Ikiwa nzima. Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu injini hii ilisanifiwa ikitegemea vitu vilivyo nje yake. Chujio la masizi na vitu vyake hutaka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, ndiyo kanuni ya Marekani, na Ulaya ni 10. Kenya na majirani wa Afrika Mashariki walishuka hadi 50 mwaka 2015. Ni hatua kubwa ukilinganisha na tulikotoka, lakini 50 si 15. Juu ya salfa kuna uchakachuaji: mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, kusudi wanaoyachanganya na dizeli wakose faida. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu ya baa 2,000 inalainishwa na hicho hicho inachosukuma. Ongeza dizeli ya madumu, iliyokaa jua na mvua. Ongeza chumvi ya hewa kwa anayefanya kazi upande wa Gongoni na viwanda vyake vya chumvi, ambako soketi ya waya huota kutu ya kijani kabla mwenye trekta hajamaliza mkopo. Kijana anaposema kosa ni la dizeli, sawa, lakini injini hainunuliwi iende kulima peponi.

Mzee naye, kwenye hoja ya kompyuta, hakukosea sana. Huko huko Marekani wakulima wameipigania haki ya kutengeneza mashine zao wenyewe hadi jimbo la Colorado likapitisha sheria mwaka 2023, na Januari 2025 serikali ya shirikisho ikaishtaki John Deere ikidai programu yake ya ukarabati inawafunga wateja kwa mawakala, madai ambayo kampuni iliyakanusha. Si kwamba injini za zamani ziliuliwa ili kuifunga milango hiyo. Milango ilikuja na sheria ya hewa, na wenye funguo wakaona faida ya kukaa nazo.

Jambo ambalo wote wawili hawakulitaja ni kwamba ile injini ya kati, ya pampu ya chuma, haijafa bado. Imehama. Kiwanda cha Millat huko Pakistan kimeendelea kutoa Massey Ferguson 240 yenye Perkins ya silinda tatu, ukoo ule ule wa 135, na India nayo inatengeneza matrekta yasiyo na kompyuta kwa wingi. Lakini India yenyewe, kuanzia Januari 2023, imeyabana matrekta yanayozidi nguvu za farasi 50. Chini ya hapo, wakati huo palibaki nafasi.

Ardhi ya Magarini, ile ya mchanga mwekundu, haitaki zaidi ya farasi 50. Jembe linapita kama kisu kwenye papai. Anayelima huko ekari tano tano za watu, kwa kukodishwa, na fundi wake yuko umbali wa bodaboda, ningemwambia anunue ya pampu ya chuma na kila msimu apeleke nozeli zikapimwe, maana moshi mwingi tunaoulaumu uzee ni nozeli iliyochoka tu. Udongo mzito wa bondeni Sabaki ni habari nyingine, na mashamba ya ukubwa wa Galana-Kulalu, yenye maelfu ya ekari, matangi yake ya mafuta na fundi wake wa kudumu, yana kila sababu ya kununua injini mpya na kufurahia lita inazookoa.

Mwenye trekta la Kakuyuni yuko katikati, na mkopo hauulizi udongo. Wiki iliyofuata alimwita yule fundi mzee. Mzee akatoa kwenye gari bovu la shamba kichujio cha zamani chenye bakuli la kioo la kunasa maji, akakiosha, akatafuta paipu ya kufaa na kukifunga kati ya tangi na kichujio cha kiwandani. Kazi ikachukua nusu siku. Kijana ndiye anayelimwaga bakuli kila asubuhi kabla ya kuwasha, na siku ya tatu alipiga picha ya maji yaliyokaa chini ya dizeli akawatumia watu wa barazani.