Pembe isiandikwe 90 tupu

Napenda msimbo unaoeleweka ukisomwa mara moja. Ndiyo maana katika Swift, lugha ya kuandikia programu, nazipenda sana zile itifaki (masharti ambayo aina ya data hukubali kuyatimiza) zenye majina marefu yanayoanza na ExpressibleBy, zinazokuruhusu uandike thamani ya aina yako kama maandishi au namba tupu, ambazo kabla ya Swift 3 ya mwaka 2016 majina yake yaliishia na Convertible.

Chukua aina ya data uliyoibuni mwenyewe, tuiite Lebo. Kwa kawaida utaandika Lebo(jina: "siasa"), Lebo(jina: "michezo"), Lebo(jina: "afya"), na jicho linachoka kabla ya kufika kwenye jina lenyewe. Lebo ikifuata ExpressibleByStringLiteral, unaiongezea kianzishi kimoja tu (sehemu inayounda thamani mpya), init(stringLiteral:), kisha unaandika:

let lebo: [Lebo] = ["siasa", "michezo", "afya"]

Swift yenyewe imejengwa hivyo. Set, yaani mkusanyiko usiorudia vitu, huandikwa kwa mabano yale yale ya orodha kwa sababu inafuata ExpressibleByArrayLiteral, na hata nil, alama ya kukosekana kwa thamani, katika Optional (aina ya thamani inayoweza kukosekana) hupitia itifaki ya jamii hii.

Wapo wanaohofia kwamba ulinzi wa aina, yaani kuzuia data ya aina moja kuingia mahali pa nyingine, unalegea. Sikubaliani nao. Njia hii huhudumia tu thamani iliyoandikwa papo hapo ndani ya msimbo. String (maandishi) iliyotoka kwa mtumiaji haipenyi mahali pa Lebo. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo, huikataa mpaka uite kianzishi wewe mwenyewe.

Ninapokataa mimi ni pale thamani inapopoteza kipimo chake. Niliwahi kuunda aina ya Pembe nikaipa ExpressibleByFloatLiteral, itifaki ya namba zenye desimali, mstari ukawa hivi:

let mzunguko: Pembe = 90.0

Niliuona mzuri kweli. Wiki chache baadaye nikaurudia, ikanibidi nifungue faili jingine kujua kama ni digrii au radiani, maana sin hudai radiani. Nikaing'oa itifaki, nikaandika Pembe.digrii(90). Herufi zimeongezeka kidogo, lakini sasa mstari unajieleza wenyewe, na huo ndio usomekaji ninaoutaka.

Vivyo hivyo kwa data inayoweza kuwa na kasoro, kama anwani ya baruapepe. Kianzishi cha itifaki hizi hakiruhusiwi kurudisha nil, kwa hiyo ukiona maandishi yana kosa, njia ya kawaida ni kuisimamisha programu kwa fatalError. Kwa anwani niliyoiandika mwenyewe ndani ya jaribio, hilo nalikubali bila wasiwasi, kwa kuwa kosa litaonekana mara tu jaribio likiendeshwa. Kwenye mstari usioguswa mpaka programu iwe mikononi mwa watu, naandika kianzishi kinachorudisha nil.