Droni ya dawa na makorongo ya Loliondo

Mwaka 2011, enzi za kikombe cha Babu, yule mchungaji mstaafu aliyegawa dawa ya mitishamba, helikopta zilikuwa zinatua kijijini kwake Samunge, Loliondo. Mwenye hela aliruka, akanywa kikombe chake cha shilingi 500, akarudi zake. Sisi wengine tulikula vumbi kwenye foleni ya magari. Safari ile hunijia kila ninaposikia hapa Arusha kwamba suluhisho la zahanati za mbali ni ndege zisizo na rubani. Anga ya Loliondo haijawahi kufungwa. Swali ni nani analipia.

Wanaozitetea wana hoja nzito, na wala si ile ya kasi wanayopenda kuitanguliza. Rwanda wanazitumia tangu 2016: kandege kanarushwa kwa manati, kanakwenda kama kilomita 100 kwa saa, kanadondosha kifurushi kwa parachuti uani mwa hospitali na kurudi bila kutua. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kuwa damu iliyokuwa ikiisha muda hospitalini ilipungua kwa asilimia 67. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu. Hospitali ya mbali ikijiwekea akiba ya kila kundi la damu, O hasi, kundi adimu, inakaa kwenye friji hadi inamwagwa, huku hospitali ya jirani inaililia. Ikitunzwa mahali pamoja na kuitwa inapotakiwa, haipotei.

Dawa ya sumu ya nyoka ni vivyo hivyo. Pale Meserani, ukiwa unaelekea Makuyuni, kwenye bustani ya nyoka kuna kliniki ambayo wafugaji hukimbilia wakigongwa. Dawa yenyewe ni ghali, na hakuna ajuaye nani atagongwa lini. Huwezi kuijaza kila zahanati ya Longido na Monduli ikae tu mpaka iharibike. Hiyo ndiyo kazi ya droni.

Sasa tandaza ramani. Ndege zile za Rwanda zilianza na mzigo usiofika kilo 2 na eneo la kilomita 80 hivi kutoka kituoni. Toka Arusha mjini hadi Loliondo, hata ukipiga mstari kwa rula, ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo kituo kijengwe huko huko, na damu ya kanda, inayotoka Moshi, ifikishwe kwanza kwa gari kupitia Mto wa Mbu, Engaruka na Ngaresero. Waliopita njia hiyo masika wanajua: gari linasimama ukingoni mwa korongo, konda anavua viatu, anaingia majini kupima kina kwa miguu yake, abiria kimya. Akirudi anatikisa kichwa, mnalala hapo. Droni itakayoanzia Wasso, mji ulioko huko huko Loliondo, haijaliondoa korongo hilo, ila akiba ikishavuka, vijiji vya mbele havitalisubiri tena.

Vibali navyo vipo: Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hifadhi zenye masharti yake, ndege za watalii zinazopishana Kisongo kwenda Serengeti. Hayo yanazungumzika.

Lisilozungumzwa ni nani anakipokea kifurushi. Zahanati zetu haziongezi damu. Kuongeza damu kunataka mtu wa maabara alinganishe makundi, kunataka kituo cha afya au hospitali. Ukimdondoshea chupa mbili nesi aliye peke yake, ambaye hata simu lazima apande kilimani kutafuta mtandao, mama anayevuja damu bado anahitaji gari. Ndiyo maana naiheshimu m-mama, iliyozinduliwa kitaifa 2022: unapiga 115, dereva wa kawaida wa jirani anaitwa, mgonjwa anapelekwa, dereva analipwa. Haina mvuto wa kupigwa picha. Vifo vya uzazi, kwa takwimu za kitaifa, vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Havikusubiri droni.

Na tumeshaonja. Agosti 2017 ilitangazwa kwamba droni za dawa zingeanzia Dodoma mwaka uliofuata. 2018 ikapita bila kuanza kama ilivyotangazwa. Mwaka huo huo droni ya majaribio ilivuka ziwa toka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40. Ilifanya kazi vizuri tu. Miezi sita ikatimia, jaribio likaisha.

Ningekuwa na sauti, ningeanza na Wasso, tena kwa bajeti ya ndani hata kama ni ya droni mbili, maana ya mfadhili huondoka na mfadhili. Zibebe O hasi ziende kwenye vituo vyenye maabara, zibebe dawa ya nyoka na chanjo ya kichaa cha mbwa. Panadol, glavu na dripu ziendelee kuja na lori la Bohari ya Dawa, hata likilala korongoni siku mbili.