Opera ya Paris na Hesabu ya Miaka 42

Mwambie mtu atakayefanya kazi hadi afikishe miaka 60 kwamba Ufaransa ina waajiriwa wa taasisi ya umma wanaostaafu na pensheni wakiwa na miaka 42. Atakasirika kabla hujamaliza kueleza. Hasira hiyo ilitanda Paris Desemba 2019, serikali ya Rais Emmanuel Macron ilipotaka kufuta mifumo zaidi ya 40 ya pensheni na kuweka mmoja kwa raia wote, na wafanyakazi wakagoma kupinga, wa Opera wakiwemo. Mmoja wa mifumo iliyolengwa ulikuwa wa Opera ya Paris, ulioanzishwa na mfalme Louis XIV mwaka 1698. Wanamuziki, waimbaji na mafundi wa jukwaa nao wamo ndani yake, kila kundi na umri wake, lakini magazetini na mitaani ilisemwa namba moja tu: 42, umri wa wachezaji wa baleti.

Wanaoupinga mfumo huu wana hoja za kweli. Makato ya wafanyakazi hayatoshi kuuendesha, kwa hiyo kila mwaka hazina ya taifa huongeza zaidi ya Euro milioni 10. Fedha hizo hutoka pia kwa fundi mwashi, kwa mwanamke anayesafisha hospitali usiku, kwa dereva wa lori, watu ambao migongo na magoti yao huharibika vilevile na ambao hakuna mfalme aliyewawekea utaratibu wao. Wengi wao hawajawahi kununua tiketi ya Palais Garnier, ukumbi wa kale wa Opera. Anayeuliza kwa nini mwili wa mchezaji uthaminiwe kuliko wa mwashi anauliza swali la haki, na kulijibu kwa kusema sanaa ni tukufu ni kumdharau. Jibu langu ni kwamba mwashi naye anastahili kustaafu mapema. Kumnyang'anya mchezaji hakumwongezei mwashi hata siku moja ya kupumzika.

Ila namba 42 haisomeki vizuri mpaka uijue njia ya kuifikia. Shule ya baleti ya Opera, iliyoanzishwa 1713 na sasa iko Nanterre nje kidogo ya Paris, huchukua watoto ambao wengi hawajafika miaka 12. Asubuhi masomo ya kawaida, mchana mazoezi, na kila mwaka mtihani unaowarudisha wengine nyumbani. Wanaobaki wanaweza kuajiriwa tangu miaka 16. Kwa hiyo anayeondoka na miaka 42 anaweza kuwa na miaka 26 ya ajira, na nyuma yake karibu kumi ya kuuzoeza mwili. Mwenzake aliyemaliza chuo kikuu na kuanza kazi na miaka 24 atafikisha miaka 26 ya kazi akiwa na 50. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini katika mabishano yote ya majira yale ya baridi ilitajwa mara chache mno.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Tukisikia Opera ya Paris tunawaza nyota, wale wenye cheo cha étoile ambao majina yao huandikwa kwenye mabango. Kundi lina wachezaji wapatao 154, na nyota hawafiki hata 20. Waliobaki wanapanda ngazi cheo kwa cheo, na wengi hawafiki juu. Hao ndio safu, wale wanaocheza pamoja kama kundi nyuma ya nyota. Katika baleti ya La Bayadère kama ilivyopangwa na Rudolf Nureyev, mchezaji maarufu aliyezaliwa Urusi, wanawake 32 wanateremka mteremko mmoja baada ya mwingine wakirudia hatua ileile, na akiyumba mmoja ukumbi mzima unaona. Katika Swan Lake, baleti nyingine maarufu, wanasimama pembeni bila kutikisika, mguu mmoja nyuma, misuli ikipoa na kukaza, huku mtu mwingine akishangiliwa katikati. Nureyev aliongoza baleti ya Opera kuanzia 1983 hadi 1989, akaacha maonyesho yaliyojaa hatua ngumu zilizobanana, na kundi linayacheza hadi leo. Mchezaji wa safu anacheza usiku baada ya usiku, mara nyingi na maumivu. Pensheni yake, kama ilivyotajwa wakati wa mgomo, ni Euro elfu moja na ushei kwa mwezi. Mcheza soka naye huishiwa miguu mapema, ila huyu wa safu hana mamilioni ya usajili benki.

Serikali ilikuja na pendekezo lililoonekana la ukarimu: waliokwishaajiriwa wasiguswe, sheria mpya iwahusu watakaoingia kuanzia 2022. Hakuna mchezaji hata mmoja kati ya waliokuwa wakigoma ambaye angepoteza kitu. Walikataa. Walisema wao ni kiungo kidogo katika mnyororo wa zaidi ya miaka 300, na hawawezi kuokoka kwa kuwatoa sadaka watakaowafuata. Tarehe 24 Desemba wachezaji wa kike walitoka nje ya Palais Garnier wakiwa na sketi nyeupe za baleti, wakacheza sehemu ya Swan Lake barazani kwenye baridi, wanamuziki wenzao wakiwapigia, nyuma yao bango likisema utamaduni uko hatarini. Walioliita onyesho la watu waliodekezwa hawakuuliza lilichezwa kwa ajili ya nani. Lilikuwa la watoto waliokuwa bado shuleni Nanterre.

Mgomo huo ulikuwa na gharama. Maonyesho mengi yalifutwa na Opera ikapoteza zaidi ya Euro milioni 10 za tiketi, nyingine zikiwa za watu waliotunza fedha ili waone onyesho moja la sikukuu. Siwezi kuwalaumu waliorudi nyumbani na uchungu.

Lakini tuliwaze hili kwa makini: umri wa 42 ungefutwa, nini kingetokea? Hakuna ambaye angecheza baleti kama Giselle na miaka 62. Mkataba wa kudumu wa mchezaji wa Opera na umri huo wa kustaafu ni vitu vilivyofungwa pamoja. Ukiondoa mwisho unaojulikana, mwajiri atalazimika kutafuta mwisho mwingine, na ulio karibu zaidi ni mkataba wa muda mfupi usiohuishwa mchezaji anapofika miaka 33 au 35. Angetoka mapema zaidi kuliko sasa, bila pensheni. Au mikataba ya kudumu ibaki, watu wang'ang'anie nafasi kwa sababu hawana pa kwenda, na wahitimu wa Nanterre wakose mlango. Nafasi 154 hazipanuki. Guillaume Diop, kijana mwenye baba Msenegali, aliingia kundini 2018, na Machi 2023, baada ya Giselle mjini Seoul, akatangazwa étoile, Mweusi wa kwanza kupata cheo hicho katika historia ya kundi hilo. Kundi lisilotoa wazee wake kwa heshima lina nafasi chache za kuwapa vijana kama yeye.

Hoja ya upande wa pili inayonigusa zaidi haihusu fedha, inahusu sanaa yenyewe. Mfaransa Sylvie Guillem, aliyepewa cheo cha étoile na Nureyev akiwa na miaka 19, alihamia Royal Ballet ya London mwaka 1989 na kucheza hadi 2015 akiwa na miaka 50. Mwitaliano Alessandra Ferri alisimama jukwaa hilohilo la London na miaka 52, na ukomavu wake ulionyesha kitu ambacho kijana hana. Mlango wa Paris unawafungia hata wenye uwezo huo, ingawa baadhi ya nyota hurudi kama wageni. Uingereza ilichagua njia nyingine: tangu 1973 kuna mfuko wa kuwasaidia wachezaji kujifunza kazi mpya. Ningependa Paris iuongeze utaratibu wa namna hiyo juu ya pensheni, pasipo kuupokea kama mbadala wake, na iwaruhusu wanaotaka kuendelea wapewe mikataba ya mwaka mmoja mmoja.

Mpango wa 2019 ulisimamishwa Machi 2020 korona ilipoingia. Sheria ya 2023 iliyolenga kupandisha umri wa kustaafu hatua kwa hatua kutoka 62 hadi 64 ilifuta mifumo maalumu kadhaa kwa waajiriwa wapya, ukiwemo wa usafiri wa Paris, ikauacha wa Opera na wa Comédie-Française, kampuni ya taifa ya tamthilia. Madereva wa metro waliona uonevu, na wana haki ya kuuliza kwa nini hao waachwe na wao wasiachwe. Jibu la kweli ni kwamba hata wao wasingepaswa kuguswa kirahisi hivyo.